Shingo ya Namba Tatu

Nianze na jambo moja kabla hasira haijanipeleka kwingine: siku ninayotaka kuieleza, shingo yangu ilikuwa nzima. Nilikuwa nimesimama mita chache mbele ya mstari wetu wa goli, nimetapakaa tope hadi kwenye kope, kifua kinawaka lakini miguu bado ina nguvu, na mkataba wangu na klabu ulikuwa unaisha mwisho wa msimu huo. Nilitaka mkataba mmoja zaidi, wa mwisho, kisha niondoke kwa hiari yangu. Kocha mkuu alikuwa ameniahidi. Aliniambia kwenye korido, akanipigapiga bega, nami mjinga nikaona bega lililopigwapigwa ni sawa na karatasi iliyotiwa sahihi.

Kwa asiyeijua raga, skramu ni pale mafowadi wanane wa kila upande wanapoinama, wakashikana mikono, wakapachikana vichwa na wale wa upande wa pili, kisha wakasukumana huku mpira ukiingizwa katikati. Mstari wa mbele una watu watatu. Mimi nilivaa namba tatu, upande wa kulia. Kichwa cha namba tatu hukaa katikati ya vichwa viwili vya wapinzani, kwa hiyo msukumo wa nyuma na msukumo wa mbele vyote hukutana shingoni mwake. Watu hulipa kiingilio kuwatazama vijana wepesi wa pembeni wakikimbia na mpira. Sisi wakituona tunainama, wao huenda kununua bia.

Kijana hawezi kazi hiyo. Inachukua miaka kujifunza kusoma pumzi za mtu usiyemwona uso, kujua kwa anavyokukamata jezi kwamba sasa hivi atakuvuta chini. Ndani ya skramu ni giza, kuna harufu ya dawa ya misuli, nyasi na mate ya watu, na kuna mngurumo ambao huwezi kujua unatoka kifuani mwa nani. Nilipapenda mahali pale, sioni haya kusema. Nje ya pale, ukubwa wangu katika mji huu ni taabu tupu. Kwenye treni watu huniachia viti viwili wakati nahitaji kimoja na nusu. Madukani mlinzi hunifuata kutoka kwenye mikate hadi kwenye sabuni. Mwanamke akinikuta njiani huvuka barabara, nami nimebeba tu maziwa. Ndani ya skramu peke yake ndiko mwili huu ulikotakiwa, na ulitakiwa sana.

Mama hakuipenda kazi hii hata siku moja. Tulikuja London nikiwa mdogo, yeye akapata kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa, na hadi leo ndiyo kazi yake. Tuliishi pamoja Stratford. Niliishi naye au aliishi nami, inategemea unamuuliza nani. Kila msimu ulipoisha alikuwa akiniwekea chai, anakaa, anaanza: "Si sasa imetosha? Si utafute kazi ya kuketi kama watu wengine?" Mwaka mmoja alilia. Mwaka mwingine alifunga na kuomba, akakonda, nami nikamtania kwamba anapunguza mwili kwa kisingizio cha dini. Nilimjibu kila mara kwa lile neno ambalo watoto wetu hulitumia kuwanyamazisha wazazi: "Next year, mum."

Basi siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili alasiri, mechi ya nyumbani, inaonyeshwa kwenye televisheni. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi chache na muda ulikuwa unakwisha. Mwenzangu wa akiba wa namba tatu alikuwa ameumia akipasha misuli, goti limemsaliti, kwa hiyo benchini hapakuwa na mtu mwingine wa nafasi yangu. Upande wa kushoto, namba moja wetu alikuwa mgeni aliyeingia kipindi cha pili, na wapinzani walishamgundua. Kila skramu walimkunja kama jamvi, refa akatupiga penalti. Upande wangu haukurudi nyuma hata unyayo. Narudia, kwa sababu kwenye televisheni hawakulisema: upande wangu haukurudi nyuma.

Refa akaamuru skramu nyingine, karibu kabisa na mstari wetu. Kabla hatujainama, mchezo ulisimama mtu atibiwe pua, na msaidizi wa kocha akaja mbio na chupa za maji. Watazamaji hudhani maji yale ni ya kiu. Kocha haruhusiwi kuingia uwanjani, kwa hiyo maneno yake huingia na anayebeba chupa. Alinipa yangu, akainama kama anayekagua kiatu changu.

"Lala chini," akasema. "Shingo."

"Shingo yangu haina shida."

"Najua," akasema, akapokea chupa, akaenda zake.

Hapa sina budi kueleza sheria. Timu ikikosa mchezaji aliyefunzwa kucheza mstari wa mbele, skramu zote zinazobaki huwa za bila kusukumana. Mnainama, mnashikana, mpira unaingia, unatoka, kwisha, mfano wa watoto wa nasari wakicheza. Sheria hiyo iliwekwa ili mtu asiyefunzwa asivunjwe shingo. Ni sheria nzuri, na kwa sababu ni nzuri, makocha wameifanya mlango wa uani. Tungebaki pungufu mtu mmoja, lakini kocha alikuwa amepiga hesabu yake: heri pungufu kuliko kusukumwa mpaka ndani ya goli. Kama namba moja, ambaye ndiye aliyekuwa akishindwa, angelala yeye, yule aliyeanza mechi katika nafasi hiyo angeruhusiwa kurudi na kusukumana kungeendelea. Mimi tu ndiye niliyekuwa sina wa kunirithi. Na kwa nini shingo? Kwa sababu goti refa atalitilia shaka, na bega atakwambia ulizungushe. Ukishika shingo hakuna mtu wa kukuuliza swali.

Basi tukainama, mpira ukaingia, nikaachia goti moja na kwenda chini na uso, mkono kisogoni. Nilisikia firimbi. Nilisikia yule kijana wa upande wa pili, ambaye nilikuwa nimemmudu mchana kutwa, akiniuliza kwa woga wa kweli, "Uko sawa, bro?" Walinifunga kichwa kwa mikanda, wakanipandisha kwenye machela, na watu wote uwanjani wakasimama kunipigia makofi. Kwa miaka yote niliyowabebea uzito, sijawahi kupigiwa makofi kama yale. Nilitamani kukaa kitako niwatukane mmoja mmoja.

Tulishinda. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha mkuu alinishika bega, lile lile, akasema hilo hatalisahau. Daktari wa timu, aliyekuwa ndani ya njama, akanivika kola ya shingo na kuniambia nisiivue wiki nzima mbele za watu. Nisimwambie mtu, hata wa nyumbani, kwa sababu jambo likivuja nitafungiwa kwa kumdanganya refa. Mimi, si wao. Jioni nilitazama marudio kwenye simu. Mtangazaji mmoja, aliyecheza zamani, alikuwa akisema kwa sauti ya msibani kwamba yule kijana amenivunja, kwamba umri haumwonei mtu huruma. Nilitaka kuitupa simu dirishani. Niliitupa kwenye sofa, kwa sababu simu ni yangu.

Mama alikuwa ameona kila kitu. Kwa kawaida huwasha televisheni bila sauti, na skramu ikianza huenda jikoni. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, alikuwa na wageni, kina mama wenzake wa kanisani, na hao hawakukubali kwenda jikoni. Nilipofika mlangoni na kola yangu alinishika mashavu kwa mikono miwili.

"Ni kidogo tu, mama," nikamwambia.

Neno hilo kwa mama yangu lina maana ya kinyume. Mtoto wake akimwambia jambo ni dogo, yeye hutafuta viatu na mkoba.

Wale kina mama walirudi kesho yake na chapati na kuku, wakanizunguka sebuleni kuniombea. Ni watu wanaowageuza na kuwainua wagonjwa siku nzima, migongo yao ndiyo inayostahili maombi, lakini waliweka mikono yao juu ya shingo isiyougua. Mmoja aliomba hadi machozi. Nilikaa nimeinamisha kichwa, kola inanikwaruza kidevu, na nikamchukia kocha kwa chuki isiyofaa kuwa nayo mtu anapoombewa. Kisha nikala chapati zao. Ningefanyaje?

Siku iliyofuata mama alinituma Queensbury. Ni treni moja tu kutoka kwetu, na kule kuna duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Kisumu ambaye huuza unga wa ugali anaouamini mama. Mzee yule huniita "ng'ombe" tangu nikiwa shuleni, kwa upendo, na kazi yangu dukani kwake siku zote imekuwa kumshushia magunia ya juu. Aliponiona na kola akatoka nyuma ya kaunta.

"Wacha hapo! Usiguse kitu. Mama yako akisikia nimekubebesha, mimi nitahamia wapi?"

"Mzee, naweza."

"Unaweza nini? Nilikuona kwenye TV. Nyamaza."

Akabeba mfuko wa unga yeye mwenyewe, na ndevu zake nyeupe, mpaka kituoni, akihema, watu wanatutazama: jitu zima linatembea mikono mitupu na mzee anamfuata na mzigo. Nilimwomba aniachie. Alikataa. Nikapanda treni nikiwa nimeuma meno hadi taya likauma, na hilo ndilo lilikuwa jeraha langu pekee la wiki ile.

Wiki hiyo hiyo klabu ilimtuma dada mmoja wa ofisi ya ustawi wa wachezaji alete kikapu cha matunda na kupiga picha ya mtandaoni. Nilikuwa sipo, nilikuwa nimetoka kutembea, kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa huruma. Mama akampokea, akampa chai, wakaongea. Yule dada hakuwa anajua kwamba jeraha ni la uongo. Ninamtaja kwa sababu katika hadithi hii yeye ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake kwa haki, na ndiye aliyeniangamiza.

Nilipovua kola nikarudi mazoezini, nikiwa tayari kwa kazi, waliniambia nisivae viatu vya uwanjani kwanza. Nikapelekwa kupigwa picha ya shingo kwenye ile mashine ya kulala ndani ya bomba. Nilidhani ni mwendelezo wa maigizo. Nilitania hata na mhudumu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba unaweza kuitembea njia ya mwongo mwingine ukafika mwisho wake wewe.

Waliniita kikaoni asubuhi moja: kocha mkuu, daktari, yule msaidizi wa maji, na mwanamke wa ofisi ya ajira aliyekuwa na kalamu. Daktari akageuza kioo cha kompyuta nione. Pingili za shingo yangu, alisema, zimelika, na zile pedi za katikati zimebanwa sana mahali pawili.

"Hilo ni la siku ile?" nikauliza, nikimtazama kocha.

"Hapana," daktari akajibu. "Hilo ni la miaka."

"Kwa hiyo kila namba tatu kwenye ligi hii ana shingo kama hiyo."

"Inawezekana kabisa. Lakini wao hawajapigwa picha."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayenieleza saa za basi. Kisha kocha akachukua zamu. Alisema picha peke yake ingejadiliwa, lakini picha pamoja na mkono unaokufa ganzi, hakuna bima itakayonikubali, na bila bima hakuna mkataba, wala kwao wala kwa klabu nyingine.

"Ganzi gani?" nikasema. "Nani ana ganzi?"

Mwanamke wa kalamu akatazama kompyuta yake. Mama yangu, akasema, alimweleza ofisa wa ustawi kwamba mkono wangu wa kulia hufa ganzi asubuhi, kwamba naangusha vikombe, kwamba nimekuwa nikificha. Likishaingia kwenye rekodi, halifutwi.

Nikamgeukia yule wa maji. Nikasema, "Mwambie. Mwambie uliniambia nini." Akatazama viatu vyake, safari hii vya kwake. Nikamgeukia kocha, nikasema mbele yao wote kwamba nililala kwa sababu waliniamuru nilale. Kocha akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, "Unasema kwamba ulimdanganya refa?" Na yule mwanamke akainua kalamu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ningesema ndiyo, ningefungiwa na jina langu lingebaki la mdanganyifu. Nikisema hapana, basi niliumia kweli, na aliyeumia haajiriwi. Nilitazama zile sura nne. Watu hawa nilikula nao, nilisafiri nao, nilivuja damu juu ya nguo zao. Mla nawe hafi nawe. Nilisimama, kiti kikaanguka, sikukiinua.

Kwenye treni nilikuwa na hasira hadi sikuona vituo. Lakini wale wa klabu niliwajua. Mtu hashangai fisi akila nyama. Kilichonitafuna ni mama. Ganzi! Mkono wangu haujawahi kufa ganzi hata siku moja. Kikombe cha mwisho kuvunjika nyumbani kwetu alikivunja yeye.

Nilimkuta amevaa sare yake ya kazi, anapangusa jiko kabla ya kutoka kwenda zamu ya mchana.

"Mama, yule mwanamke wa kikapu. Ulimwambia nini?"

Hakugeuka. "Nilimwambia unaangusha vikombe."

"Nimeangusha kikombe lini?"

"Hujaangusha."

"Na hiyo ganzi?"

"Hiyo ni ya mzee mmoja pale kazini. Niliazima."

Alisema "niliazima" kama mtu aliyechukua sufuria kwa jirani. Nikamuuliza kwa nini. Akaweka kitambaa chini, akanitazama.

"Kwa sababu nilikuona ukianguka na haya macho yangu. Halafu ukakuja hapa na hiyo kitu kwa shingo ukaniambia ni kidogo. Nikajua utarudi huko. Mimi hao watu hawawezi nisikiza nikilia. Lakini nilijua ganzi watasikiza."

Sijawahi kumpigia mama yangu kelele. Siku hiyo nilipiga, na majirani walisikia.

"Sikuanguka! Sikuwa nimeumia, mama! Ilikuwa maigizo! Mtu wa maji alikuja akaniambia nilale chini nishike shingo ili tushinde, nikalala. Shingo yangu ilikuwa nzima. Umenimalizia kazi kwa kitu ambacho hakikuwepo!"

Akavuta kiti akakaa. Nilingoja alie, na nakiri nilitaka alie. Nilikuwa na maneno mengine tayari, mabaya zaidi, yamepangana nyuma ya meno. Hakulia. Alikaa akinitazama kama anayenipima upya, kuanzia masikio yangu yaliyovimba kama maandazi hadi miguuni.

"Alikuambia mara ngapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo wa maji. Alikuambia ulale mara ngapi?"

"Mara moja. Aliniambia tu."

"Alikuomba?"

"Hakuniomba."

"Alilia?"

Akasimama, akachukua koti lake kwenye ndoano, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni.

"Mimi nimekuomba hii miaka yote," akasema. "Nimekuomba na chai, nimelia, nimefunga, ukanicheka. Huyo alikuambia mara moja tu, ukalala chini mbele ya watu wote. Kumbe wewe huwa unaambiwa na unasikia."

Akaenda kazini. Mpaka leo sijamsamehe.